Sifuri ya Jumamosi

Jumanne, tarehe 5

Daftari hili lilikuwa la Mama, la vipimo vya wateja wake. Kurasa za mbele zina viuno na mabega ya watu. Kuanzia hapa ni langu. Nilipomwomba alitoa pini mdomoni akasema, "Chukua. Ila ukiandika siri zangu humo, nitakushona mdomo kwa uzi mara mbili."

Nimelitaka kwa sababu leo nimepewa kazi. Mwalimu wa jiografia amenikabidhi ufunguo wa kipimo cha mvua cha shule, na msimu wa mvua ndio unaanza. Ni kopo refu la chuma lenye faneli juu na chupa ndani, limezungushiwa wavu nyuma ya maabara. Kila siku saa tatu asubuhi, hata Jumamosi na Jumapili, nitafungua wavu, nimimine maji ya chupa kwenye bilauri yenye mistari, nisome ni milimita ngapi, niandike kwenye rejista. Kisha nampelekea Shangazi namba hiyo kwa simu.

Shangazi ni dada yake Baba. Yeye ndiye mlinzi wa bwawa, chini ya mlima. Maji ya mlimani huchukua muda kumfikia, kwa hiyo shule, ambayo iko juu, ndiyo jicho lake. Akisikia mvua imepita ishirini anazungusha magurudumu, anafungua geti mapema ili bwawa lipate nafasi. Asipofungua mapema, maji yanapanda juu ya geti na kuingia bustani za watu wa bondeni.

Mwalimu amenipa masharti matatu. La kwanza, usisome umesimama. Piga magoti, jicho liwe sawa na maji. La pili, wino, si penseli, na ukikosea usifute: pitisha mstari mmoja, andika pembeni, weka sahihi. La tatu alilirudia.

"Sifuri ni habari kamili," alisema. "Maana yake nilikwenda, nikatazama, nikakuta pakavu. Kama hukwenda, weka mstari. Mstari si aibu. Siku utakayorudi utaandika jumla na idadi ya siku ulizokosa. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

Nimeelewa kweli, na ndiyo maana nimeyaandika hapa.

Jumatano, tarehe 6

3.

Alhamisi, tarehe 7

0. Nilipiga magoti kwenye nyasi kavu. Sifuri yangu ya kwanza. Nimeiandika duara kabisa.

Jumamosi, tarehe 9

12. Nilipanda mlima na mwavuli wa Mama. Hapakuwa na mtu shuleni isipokuwa mbuzi wa mlinzi wa shule. Niliomba kidogo kabla ya kufungua wavu, kwamba Mungu anifanye mwaminifu katika jambo hili dogo. Nilijisikia vizuri.

Jumapili, tarehe 10

7, kisha nikashuka mbio kanisani.

Shangazi aliingia wimbo wa pili ukiwa katikati, amevaa buti za mpira zenye matope, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, simu mkononi. Kabla ya mahubiri kuisha alikuwa ameshatoka. Mama anasema ni kazi. Mimi naona mtu akimheshimu Mungu anaweza angalau kuvua buti.

Alhamisi, tarehe 14

9. Kijiko alikuja kuniangalia nikipima. Kijiko ni rafiki yangu. Anaitwa hivyo kwa sababu kijiko hakitoki mfukoni mwake, asije akakuta chakula mahali akakosa cha kulia. Akaniuliza, "Kwa nini unapiga magoti? Unaiabudu chupa?" Nikamweleza. Akasema yeye angesoma kwa mbali, maji ni maji.

Jumatatu, tarehe 18

14. Sare za kwaya ya vijana zimefika: blauzi ya bluu na viatu vyeupe. Mama ameshona blauzi zote kumi na nane. Tutaimba Jumapili, na Jumamosi kuna mazoezi ya mwisho kuanzia saa mbili. Nimeweka viatu juu ya kabati visiguswe.

Ijumaa, tarehe 22

5. Wingu limekalia mlima tangu mchana. Huku kwetu chini ni kukavu.

Jumamosi, tarehe 23

0. Mazoezi yamekwenda vizuri.

Jumapili, tarehe 24

0. Tuliimba mpaka watu wakasimama. Mchungaji alisema sauti zetu zimeoshwa.

Jumatatu, tarehe 25

Nitaandika yote. Hakuna mtu wa kumwambia.

Jumamosi sikwenda. Mazoezi yalianza saa mbili, na kupanda na kushuka ni saa nzima, na njia ya mlimani ingeharibu viatu. Chini jua lilikuwa linawaka. Saa tatu na nusu simu ya Mama ililia ndani ya mkoba wangu.

"Huko juu kukoje?" Shangazi aliuliza. Hakusubiri hata salamu. "Naliona wingu, lakini sioni lina nini."

"Sifuri, Shangazi."

"Umeangalia?"

"Nimeangalia."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Haya. Imbeni basi, nyie ndege."

Nilipokata simu nilijiambia kwamba si uongo, kwa kuwa mvua haipo, naiona haipo. Jumapili asubuhi kulikuwa na manyunyu kidogo, na tena sikupanda. Nilimtumia ujumbe kabla hajanipigia: 0.

Leo asubuhi nilifungua wavu. Chupa ilikuwa imejaa na kumwagikia ndani ya kopo, na kopo lenyewe lilikuwa limefika nusu. Nilipima bilauri ya kwanza, kumi. Ya pili, kumi. Nikawa naomba kila bilauri iwe ya mwisho. Bilauri sita, na milimita moja juu yake.

Rejista ilikuwa na nafasi mbili tupu, Jumamosi na Jumapili. Nilijua cha kuandika. Mstari, mstari, halafu 61, jumla ya siku tatu. Nilikuwa nimeshaweka ncha ya kalamu kwenye karatasi Mwalimu aliposimama nyuma yangu.

"Vipi, kuna kitu?"

"Sitini na moja, Mwalimu."

"Sitini na moja! Na Jumamosi?"

Nikasema sifuri.

"Na jana?"

Nikasema sifuri.

"Kwa siku moja! Unajua rejista hii ina miaka mingapi? Haijawahi kuandikwa sitini!" Alinishika mabega kama mtu aliyeokota lulu. "Andika, andika, mkono usitetemeke."

Nikaandika, naye akitazama. 0. 0. 61.

Saa sita habari zikafika kwamba alfajiri maji yalipanda juu ya geti la bwawa. Bustani zote za bondeni zimekwenda.

Jumanne, tarehe 26

18. Nilipita bondeni baada ya masomo. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu. Lakini palipokuwa na vitunguu na maharage pana matope laini, kama mtu ameyapaka kwa mwiko. Mama Vitunguu, yule anayeuza sokoni karibu na geti la kanisa, alikuwa anavuta miche kutoka matopeni mmoja mmoja na kuiosha kwenye ndoo, ingawa yote ilikuwa imevunjika.

"Shangazi yako alilala," aliniambia bila kuinua kichwa. "Mwambie nimesema. Alilala fofofo."

Nilisema, "Pole, Mama." Ndicho nilichosema.

Jumatano, tarehe 27

6. Asubuhi Mwalimu Mkuu alinisimamisha mbele ya shule nzima. Ofisi ya hali ya hewa imeuliza ni nani aliyepima mvua ile, na wakati wa likizo watanichukua kwa mafunzo ya wiki mbili, na huenda baadaye wakanisomesha. Makofi. Tangu saa nne hakuna anayeniita kwa jina. Wananiita Sitini na Moja.

Kijiko alinivuta pembeni. "Jumamosi si tulikuwa wote mazoezini?"

"Ndiyo."

"Na Jumapili?"

Niligeuza ufunguo wa wavu mkononi.

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Wewe! Mtakatifu wa chupa!" Kisha akaona uso wangu, akaacha. "Basi, basi. Simwambii mtu. Sifuri ni sifuri, nani ataipima tena? Maji yameshamwagwa."

Alhamisi, tarehe 28

Kamati ya maji ilikaa leo mchana kwenye chumba cha darasa letu. Mwalimu alinituma nilete rejista na kukaa nayo mlangoni.

Mwenyekiti ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa kuongea polepole. Alifungua ukurasa akapitisha kidole. "Jumamosi sifuri. Jumapili sifuri. Halafu sitini na moja kwa siku moja tu. Mvua ya namna hiyo ina kelele. Mlinzi wa bwawa alikuwa wapi asiisikie?"

Shangazi alisimama. Alikuwa na buti zake. "Nilikuwa getini. Sikusikia kelele kwa sababu sidhani kama ilinyesha kwa siku moja. Maji yale yalikuja na udongo mwekundu. Mlima hautoi udongo mwekundu mpaka ulowe siku mbili."

"Unasema rejista inadanganya?"

"Nasema maji niliyoyaona."

"Basi mpimaji hakuangalia," mjumbe mmoja alisema. "Ni mtoto. Labda alikwenda kucheza."

Shangazi aligeuka akanitazama. Kisha akamgeukia yule mjumbe.

"Hapana," akasema. "Huyo nilimuuliza mara mbili. Mtoto wa kaka yangu akisema ameangalia, ameangalia. Tafuteni kosa kwingine. Kama ni kwangu, litafuteni kwangu."

Wamemsimamisha kazi mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Siku hiyo wataamua kama anaondolewa kabisa. Mwenyekiti ana mpwa wake anayetaka kazi hiyo. Kila mtu anajua.

Nilirudisha rejista kabatini. Mwalimu akaniambia nimekaa vizuri.

Ijumaa, tarehe 29

22. Sijui mpwa wa Mwenyekiti, aliyewekwa bwawani kwa muda, anafungua geti kwa namna gani. Wanasema amevaa kofia mpya.

Jumapili, tarehe 1

4. Mchungaji aliniita mbele nitoe ushuhuda kwa vijana: uaminifu katika kazi ndogo. Sikujua kama ataniita. Nilisimama na viatu vyeupe.

Nilisema kwamba Mungu anaona hata chupa ya maji nyuma ya maabara. Nilisema mtu apige magoti jicho lake liwe sawa na maji. Watu wakasema amina. Mama Vitunguu naye alisema amina. Kila neno nililosema lilikuwa kweli na mimi nilikuwa mwongo tangu utosini mpaka visiginoni.

Benchi la mwisho karibu na mlango lilikuwa na mtu. Shangazi alikuwa amewahi. Hana kazi ya kumchelewesha. Alikuwa amevaa viatu. Nimegundua kwamba sijawahi kuona miguu yake ikiwa safi, na kwamba sikupenda kuiona.

Jumanne, tarehe 3

11. Nimekuwa nikiomba kila siku kwamba Mungu ailainishe mioyo ya kamati wamrudishe Shangazi. Leo njiani kutoka shuleni niliyasikia maombi yangu mwenyewe kana kwamba yanasemwa na mtu mwingine. Ninamwomba Mungu afanye kila kitu isipokuwa kile ambacho ni mimi peke yangu ninayeweza kukifanya. Namtaka aokoe Shangazi bila kunigusa mimi.

Sikumaliza sala. Nilisema tu, "Baba, nimesikia," na kutembea.

Jumatano, tarehe 4

2. Mama alikuwa anafumua gauni la bibi harusi. Alikuwa ameweka mkono wa kulia upande wa kushoto, na akagundua baada ya kuweka na lesi juu. Nilimuuliza kama hawezi kurekebisha hapo juu tu.

"Kosa liko kwapani," alisema, "nirekebishe shingoni?"

Nilikaa kumshikia kitambaa. Alifumua lesi yote, nzuri vile. Halafu akaniangalia.

"Una nini wewe wiki hizi? Hata mboga huli."

"Mama, kama mtu amesema amefanya jambo, na hakulifanya..."

Mkasi ulisimama. Hakuuliza ni mtu gani. Alitazama simu yake pale mezani, akanitazama mimi, na nikaona anakumbuka ile Jumamosi, mkoba wangu, viatu vyangu.

"Shangazi yako alikubeba mgongoni siku uliyougua, maji yakiwa magotini," alisema mwisho. "Sikwambii la kufanya. Lakini usikawie."

Alhamisi, tarehe 5

8. Baada ya masomo nilikwenda bwawani.

Shangazi haruhusiwi kugusa magurudumu lakini alikuwa anayapaka grisi. "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Huyo mwenye kofia hajui hata grisi inaingia wapi. Yakikwama, geti halitafunguka, awe yeye au awe malaika. Nishikie kopo."

Nilimshikia. Grisi ilininukia puani. Nilisema haraka, kabla sijajipa nafasi. "Shangazi, sikuangalia. Jumamosi sikwenda. Jumapili pia. Sitini na moja ni ya siku tatu. Nilikuwa kwaya."

Mkono wake uliendelea kuzunguka kwenye meno ya gurudumu, raundi moja, raundi mbili.

"Nilikuuliza," alisema.

"Ndiyo."

"Nikakuuliza tena."

"Ndiyo, Shangazi."

"Ukasema una hakika."

Nilikuwa nimejiandaa anipige, au anikumbatie. Hakufanya hata kimoja. Alifuta vidole kwenye kitambaa, kimoja kimoja.

"Nimesimama mbele ya wanaume saba nikakuapia," alisema. "Sijawahi kumwapia mtu. Hata baba yako simwapii, na baba yako nampenda."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nitakusamehe. Mungu amenisamehe mimi mengi, sina pa kukimbilia. Lakini leo nina hasira, usinifanye niiseme kabla haijapoa." Alichukua kopo la grisi mkononi mwangu. "Na mimi sina bustani. Walioharibikiwa wako bondeni. Jumamosi watakuwepo wote. Utakuja au nije kukufuata?"

"Nitakuja mwenyewe."

"Basi nenda. Na hao ndege wenzako wa kwaya, waambie mkiimba sauti ya pili inapotea."

Sikujua kama nicheke. Nililia njia nzima.

Ijumaa, tarehe 6

0. Nilipiga magoti muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Nilimwambia Mwalimu. Sikutaka asikie kesho mbele za watu. Alivua miwani, akaiweka juu ya rejista. "Nimeshawaandikia," alisema. "Jina lako, jina la shule. Unajua nafasi kama ile inakuja mara ngapi?" Kisha, kwa sauti ya chini, "Kamati huenda ikamsamehe hata bila hilo. Subiri tuone kwanza."

Nilimheshimu sana Mwalimu, na bado namheshimu. Nilimwambia, "Mwalimu, ulisema mstari si aibu."

Alichukua miwani akatoka. Sijui kama kesho atakuja.

Jumamosi, tarehe 7

16. Nilikwenda mapema kupima, nikashuka na rejista kifuani chini ya koti.

Darasa lilijaa mpaka madirishani. Watu wa bondeni walikaa mbele. Mwalimu alikuja, akakaa nyuma. Mwenyekiti alianza kusoma maneno yake, "kwa kuwa mlinzi ameshindwa," nami nikasimama. Nilikuwa nimepanga sentensi nzuri. Zote zilikimbia.

"Sifuri hizi ni za uongo," nilisema. "Nimeziandika mimi. Sikwenda kupima. Nilikuwa kwaya, sikutaka kuchafua viatu. Shangazi aliniuliza mara mbili nikasema nimeangalia."

Kelele zilizofuata sitaziandika zote. Mama Vitunguu alisimama juu ya benchi kabisa. "Viatu! Watoto wangu wanakula nini mwezi huu, viatu? Na Jumapili ukatuhubiria! Nikasema amina mimi! Nirudishie amina yangu!"

Watu wengine walicheka, lakini yeye hakucheka.

Mwenyekiti aligonga meza. "Kwa hiyo Jumamosi mvua ilikuwa ngapi?"

"Sijui."

"Ilipita ishirini au haikupita?"

"Sijui. Maji yote yalikuwa yamechanganyika. Hakuna atakayejua."

Kila mtu alimgeukia Shangazi. Angeweza kusema ilipita, na nani angembishia? Hata mimi nilitamani aseme.

"Hatujui," alisema Shangazi. "Na simtwishi mtoto mzigo wote. Jumapili jioni nguzo ya kina ilionyesha maji yamepanda vidole viwili. Nikasema, mtoto ameangalia, ni mabaki tu. Ningeweza kupanda mlima kwa miguu yangu. Sikupanda. Hilo liandikeni, ni langu."

Mwenyekiti alitazama karatasi yake, ile aliyokuja nayo imeshaandikwa. Halafu mzee mmoja wa bondeni, aliyepoteza maharage yote, akasema, "Mimi namtaka huyu huyu getini. Anayejishitaki mwenyewe sitahitaji kumchunga." Mama Vitunguu akasema, "Na mimi. Lakini huyo mdogo atakuja kupanda vitunguu vyangu, mstari kwa mstari."

Wakainua mikono. Shangazi amerudishiwa magurudumu, pamoja na onyo.

Mwalimu alikuja mbele, akafungua rejista, akanipa kalamu yake. Nilipitisha mstari mmoja juu ya kila sifuri, zikabaki zinaonekana chini yake. Pembeni nikaandika: Haikupimwa. Kwenye 61 nikaandika: Jumla ya siku tatu. Nikaweka sahihi. Kisha akanyoosha kiganja, nami nikaweka ufunguo ndani yake.

Jumatatu, tarehe 9

Sina namba ya kuandika. Ufunguo amepewa Kijiko. Mwalimu ameandika barua nyingine kwa ofisi ya hali ya hewa. Alinionyesha kabla ya kuifunga. Haikuwa na neno baya juu yangu. Ilikuwa na ukweli tu, mistari minne.

Shuleni jina limebadilika. Naitwa Sifuri. Watoto wa darasa la chini wanafanya duara kwa vidole ninapopita.

Jumatano, tarehe 11

Mchungaji ameniondoa kwaya kwa muda. Alisema ni ili nipumzike. Nilimshukuru, na kwa kweli nilihitaji.

Jumamosi, tarehe 14

Nimepanda vitunguu tangu saa mbili mpaka saa nane. Mama Vitunguu alitembea nyuma yangu na fimbo ya kupimia nafasi. "Hapo umebana. Hapo umeachia. Hapo umefanya nini, umefukia paka?" Nilipomaliza alisema, "Wiki ijayo njoo na jembe lenye mpini wa watu wazima."

Nikiwa bondeni niliona kutoka chini jinsi geti linavyofunguka. Shangazi alisukuma gurudumu la kwanza kwa kifua, akapumzika, akasukuma la pili. Dakika arobaini. Hakuna aliyemtazama isipokuwa mimi.

Jumapili, tarehe 15

Mvua ilikuwa kubwa. Shangazi aliingia wimbo wa tatu, na buti. Nilihama benchi langu nikakaa naye nyuma. Aliniangalia, akasogea nafasi ya mtu mmoja. Simu yake ilikuwa kati yetu. Ilipotetemeka alinyanyuka, nami nikamshikia mlango usigonge.

Jumatano, tarehe 18

Kijiko amenikuta nje ya maabara amekasirika. "Shangazi yako amenipigia kelele!"

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu! Jumamosi sikwenda, nikaweka mstari. Jumapili nikaweka mstari. Jana kulikuwa na tope, nikaweka mstari. Si aibu, Mwalimu mwenyewe kasema. Eti 'Mimi sifungui geti kwa mistari! Mwambie Mwalimu anipe yule Sifuri!'"

Nilimuuliza kama alisema hivyo kweli.

"Kwa sauti ya kuvunja simu," alisema Kijiko. Akatoa ufunguo mfukoni, umegandana na kijiko chake. "Mwalimu amesema chukua. Lakini kila Ijumaa yeye mwenyewe atakagua. Mimi nimechoka kuamka."

Alhamisi, tarehe 19

13.

Ijumaa, tarehe 20

10. Mwalimu alikuja, akapiga magoti karibu yangu, akasoma naye. "Kumi," alisema. Nikasema kumi.

Jumamosi, tarehe 21

24. Nilimpigia Shangazi kabla ya kufunga wavu.

"Umeangalia?"

"Nimeangalia, Shangazi. Mara mbili."

"Nimekuuliza mara moja," alisema, na nikasikia gurudumu likianza kulia kabla hajakata.

Jumanne, tarehe 24

1.

Jumamosi, tarehe 28

Mvua zimekwisha, watu wanasema. Kurasa za daftari zimebaki mbili.

Asubuhi niliamka nikaona anga safi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mama alifungua dirisha akasema leo hata kuku anajua ni sifuri. Nilivaa viatu vya zamani nikapanda. Njia ilikuwa imekauka, na juu hapakuwa na mtu isipokuwa mbuzi wa mlinzi.

Nilifungua wavu. Nilitoa chupa, nikaigeuza juu ya bilauri, nikasubiri. Halikutoka hata tone. Nikapiga magoti hata hivyo, jicho likawa sawa na chini kabisa ya kioo, pale ambapo maji yangekuwa.

Saa tatu kamili nilipiga simu.

"Nani?" Shangazi alisema, ingawa anajua.

"Ni mimi, Sifuri."

"Na mvua?"

"Sifuri."

Nilingoja lile swali lake, nikiwa nimeshika jibu. Hakuliuliza.

"Haya, mwanangu," alisema. "Nimeandika."